Saladi Iliyobaki Isikutoe Pesa Nyingine

Wageni wa Jumapili wakiondoka, sufuria ya pilau huwa imekombwa na kuku amebaki mifupa, lakini saladi iko pale pale. Kilinunuliwa kichwa kizima, nusu ikaliwa, nusu imerudishwa kwenye friji ikiwa bado imeshikana na shina lake. Jumatano majani yanalegea, Ijumaa yanatoa maji meusi chini ya mfuko, Jumamosi yanatupwa na mtu ambaye wala hakumbuki yalinunuliwa bei gani.

Mapishi ya kuyaokoa yapo tele. Ubaya wa mengi ni kwamba yanaanza na majani ya shilingi mia saba na kuishia na vitu vya elfu tano: jibini, krimu, mafuta ya zeituni, mkate wa aina yake. Anayepika hivyo anakula vizuri, hilo halina ubishi, ila asijidai ameokoa pesa. Ndiyo maana hapa nalinganisha njia za kutumia majani yaliyobaki kwa kipimo kimoja tu, pesa mpya. Ukiacha ile uliyokwisha kulipa, njia hii inakutoa shilingi ngapi leo, na inakuepusha kununua kitu gani?

Bei nitakazozitumia ni za kukadiria, za genge la mtaani Dar es Salaam: kichwa cha saladi 1,500, fungu la mchicha 500, nazi 1,500, yai 400, mfuko wa saladi iliyooshwa na kukatwa supamaketi 5,000. Kwako zinaweza kuwa juu au chini. Msomaji wa Mombasa au Nairobi aweke za kwake, hesabu yenyewe haibadiliki.

Tuanze na thamani ya ile nusu. Wengi hugawa kwa mbili na kusema ni 750. Hiyo ni hesabu ya sokoni. Jikoni, zile 1,500 zimeshakwenda, majani yaliwe au yaoze. Nusu iliyobaki ina thamani ya kile itakachokuzuia kununua. Ikishika nafasi ya fungu la mchicha, ina thamani ya 500. Ikiongezwa juu ya mlo ambao ungeliwa vile vile bila yake, mfukoni thamani yake ni sifuri, hata kama imependezesha sahani na kulisaidia tumbo. Na ikikufanya ununue nazi ambayo hukuwa na mpango nayo, umeepuka mchicha wa 500 kwa kutoa 1,500, yaani umepoteza 1,000 huku ukijiona umebana matumizi.

Kabla ya kufika jikoni, gharama inaanzia kwenye aina uliyochagua. Saladi haipendi joto la pwani. Nyingi inayoliwa Dar inashuka kutoka milimani, Lushoto kule Tanga na Mgeta kwenye milima ya Uluguru, na inafika sokoni ikiwa tayari imekaa safarini kwa saa kadhaa. Ile ya kichwa cha mviringo kilichofungana kama kabichi inavumilia safari na inakaa siku nyingi zaidi kwenye friji, lakini ni nyeupe ndani na ina maji mengi. Ile ya majani yaliyokunjamana, na ile ndefu yenye uti mnene katikati, zinanyauka mapema ila zina rangi ya kijani iliyokolea. Kijani hicho si pambo. Saladi ndefu ina vitamini A zaidi ya mara kumi ya ile ya mviringo kwa uzito ule ule. Kama unajijua kwamba kwako hubaki kila mara, nunua ya kijani, kwa sababu ndiyo inayofaa kupikwa siku ya tatu. Ya mviringo ukiipika inageuka maji na nyuzi.

Mfuko wa supamaketi unahitaji neno lake. Unalipia kuoshwa, kukatwa na kufungashwa, na unachopata ni majani machache kuliko ya kichwa kimoja, tena yenye maisha mafupi: kila mahali kisu kilipopita, jani huanza kupata wekundu wa kutu. Uingereza, mwaka 2013, kampuni ya Tesco ilitangaza hesabu zake yenyewe kwamba asilimia 68 ya saladi inayokusudiwa kuuzwa kwenye mifuko huishia kutupwa, na asilimia 35 ya upotevu huo hutokea majumbani. Hiyo ni nchi yenye magari ya baridi na friji kila nyumba. Kwa anayeishi peke yake na atakayeumaliza mfuko wote jioni ile ile, 5,000 inaweza kuwa na maana. Kwa anayejua kwamba nusu itabaki, sioni maana yoyote.

Halafu kuna kabichi, ambayo watu hawaiweki kwenye mizani ya saladi na wangepaswa kuiweka. Gengeni ukisema, "Mama, nikatie nusu," unakatiwa nusu ya kabichi bila maneno, wakati mwingine hata robo, kwa sababu anayefuata ataichukua iliyobaki. Jaribu kusema hivyo kwa saladi, utaulizwa, "Sasa nusu nyingine nimuuzie nani, mwanangu?" Ana haki yake. Saladi iliyokatwa haifiki jioni ikiwa na sura ya kuuzika. Kabichi nzima inakaa kwenye friji wiki kadhaa, na ikikatwa nyembamba na kukamuliwa ndimu inatoa ule mlio wa meno ambao ndio hasa watu wanaoutafuta kwenye saladi. Ikiwa wageni ni wa pilau na kuku, sioni atakayelalamika.

Lakini tuseme saladi imeshanunuliwa na imeshabaki. Njia ya kwanza, na kwa maoni yangu iliyo bora kwa pesa, ni kuipika kama mboga. Watu wengi wanaipinga kabla ya kuionja: saladi inaliwa mbichi, wanasema, ukiipika umeiharibu. Ukate shina la saladi karibu na mzizi utazame. Unatoka utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo huo unatoka kwenye mchunga, ile mboga chungu ambayo bibi zetu wa pwani na bara hawakuiona kuwa ya ajabu wakiipika kwa tui la nazi au karanga za kusaga. Saladi na mchunga ni wa ukoo mmoja wa mimea. Tofauti ni kwamba saladi imefugwa hadi uchungu ukabaki kidogo tu, nao unaongezeka jani likizeeka au mmea ukipigwa na joto. Wafaransa wana njegere zao zinazopikwa pamoja na saladi na vitunguu vidogo. Wachina huitupia kwenye kikaango cha moto mkali na kitunguu saumu, wakaila na wali. Kwa hiyo si jambo la kubuni.

Kinachowashinda wengi ni kuipika kwa mtindo wa mchicha. Mchicha unavumilia kufunikwa na kuachwa na nyanya zake. Saladi ni maji kwa takriban asilimia 95. Ukiifunika inajichemsha yenyewe na kutoka kama kitambaa kilicholowa. Tenga kwanza nyuti za katikati na majani laini. Kikaango kipate moto, mafuta vijiko viwili, kitunguu maji kikaangwe hadi kingo zianze kuwa kahawia, kisha kitunguu saumu kilichopondwa. Nyuti ziingie kwanza, dakika moja. Majani yaingie kwa mkupuo, lundo linalofurika juu ya kikaango; geuza mara tatu nne, na kabla hujamaliza kushangaa lundo limeshuka hadi kiganja kimoja. Hapo ndipo chumvi inapoingia, si mapema, maana chumvi inavuta maji nje ya jani. Ipua wakati nyuti bado zinalia mdomoni. Nyanya usiweke. Ndimu ikamuliwe mezani.

Kile kiganja kimoja ndicho kinachovuruga hesabu. Nusu kichwa haitoshi watu wanne kwa ugali, itatosha wawili kwa shida. Lakini mchicha nao hauuzwi nusu fungu. Njia ninayoipendekeza ni kuchanganya: pika mchicha nusu fungu kama kawaida, na dakika mbili za mwisho, ukiwa umeshafunua, ongeza saladi. Fungu lililokuwa la mlo mmoja linakuwa la milo miwili. Ukipiga hesabu unaona kwamba saladi imelipa 250, au 500 ukiwa na nyingi, bila kukutoa hata senti mpya. Anayetupa nusu kichwa kila wiki na akaanza kuitumia hivi, hata kwa ile 250 tu, kwa mwaka anabakiza 13,000. Hazimfanyi tajiri, lakini ni pesa anazozitupa jalalani kwa mkono wake.

Moto nao una bei. Kisamvu kinatwangwa na kuchemshwa muda mrefu, na lazima iwe hivyo kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayohitaji kutolewa. Saladi inahitaji dakika tatu. Kwa gesi hiyo ni faida ya moja kwa moja. Kwa mkaa faida inapatikana tu ukiipika mwisho, juu ya moto uliobaki baada ya ugali. Kuwasha jiko la mkaa kwa ajili ya mboga ya dakika tatu ni hasara kubwa kuliko kununua mboga iliyopikwa kwa mama lishe.

Na nazi? Nimeshasema inaweza kukutia hasara ya 1,000. Ila kama siku hiyo unapika wali wa nazi, au samaki wa kupaka, au mbaazi, nazi ipo tayari. Weka kando nusu kikombe cha tui jepesi, likaribie kuchemka pamoja na kitunguu na pilipili mbichi moja iliyopasuliwa, tumbukiza majani, ipua. Ladha inasogea karibu sana na mchunga, hasa kwa saladi iliyoanza kuwa chungu. Karanga za kusaga ni vivyo hivyo: kijiko kutoka kwenye kopo lililoko nyumbani ni bure, kopo jipya si bure.

Maharage ni rahisi zaidi na hayana mengi ya kueleza. Yakishaiva na kuungwa, majani yaliyokatwa nyembamba yanaingia dakika ya mwisho. Kunde na choroko ni hivyo hivyo, na supu ya mifupa pia. Hapa huepuki kununua kitu isipokuwa ungekuwa umenunua mboga ya pembeni, kwa hiyo kwa kipimo changu ni sifuri kwa sifuri. Bado ni bora kuliko jalala, na watoto wanaokataa mboga hawayaoni. Mayai nayo: majani mawili matatu kwenye kimanda cha asubuhi ambacho kingepikwa tu. Ukianza kununua mayai manne ya ziada kwa shilingi 1,600 ili kuokoa majani ya 250, tumerudi kule kwenye jibini.

Sasa nije kwenye bakuli ambalo naliona lina thamani kubwa kuliko saladi yenyewe, na ndilo linalomwagwa bila huruma: kachumbari. Baada ya usiku mmoja imetoa maji, kitunguu kimekuwa kikali, tango limelegea. Hakuna anayetaka kuila hivyo. Lakini tazama kilichomo: vitunguu, nyanya, pilipili, pengine hoho, giligilani, chumvi. Ni vile vile utakavyovimenya na kuvikatakata kesho jioni kwa ajili ya mchuzi. Kwa bei zangu, bakuli la kachumbari lenye vitunguu viwili na nyanya tatu linakuepusha kutoa 600 au 700, kwa sababu hivyo ni vitu ambavyo nyumba haikosi kununua. Saladi inashindana na mchicha wa mara mojamoja. Kachumbari inashindana na kitunguu cha kila siku.

Namna yake ni hii. Chuja kachumbari na ule mchuzi wake uuweke kwenye kikombe, usiumwage. Kama matango ni mengi, yaokote kando. Mafuta yapate moto, mimina kachumbari iliyochujwa na uiache ikaangike hadi maji yaishe na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Itachukua muda zaidi ya kitunguu kibichi, kwa sababu ndimu inachelewesha kitunguu kulainika; usiwe na haraka, ongeza maji kidogo ukiona kinashika chini. Baada ya hapo ni mchuzi kama mchuzi mwingine: samaki wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, maharage, dagaa. Ule wa kwenye kikombe unaingia mwishoni badala ya ndimu. Chumvi usiguse hadi uonje, maana ilishawekwa jana. Kwenye samaki, ule uchachu wa ndimu ni kama ulikusudiwa. Kwenye nyama ya ng'ombe hauniridhishi sana, na kwenye kitu chochote chenye tui uwe mwangalifu, linaweza kukatika.

Tango lililookotwa lisitupwe. Liko kwenye ukoo mmoja na mung'unye na maboga, na likikatwa vipande vinene na kuwekwa kwenye mchuzi linaiva mfano wa mung'unye mchanga. Kachumbari ya kabichi na karoti ni rahisi zaidi, ikamuliwe na ikaangwe kama kabichi ya siku zote.

Vyote hivyo ni kwa kachumbari isiyo na mayonezi. Saladi iliyochanganywa na mayonezi, na ikakaa mezani tangu saa saba mchana hadi wageni waondoke magharibi, haina hesabu ya kufanyiwa. Imwagwe. Kipindi kimoja cha kuharisha kwa mtoto kinakula akiba ya mwaka mzima, kuanzia nauli ya hospitali hadi dawa. Hata majani matupu yaliyokaa wazi kwenye joto la Dar kwa zaidi ya muda wa saa mbili yasirudishwe friji ili yaliwe mabichi kesho. Yapikwe usiku ule ule. Na hapa kupika kuna faida nyingine ambayo haionekani kwenye bei. Bustani nyingi za mabondeni mjini, bonde la Msimbazi likiwemo, humwagiliwa maji yasiyo safi. Jani bichi linategemea uaminifu wa maji uliyoliosha nayo, lakini lililochemka vizuri vijidudu vya kipindupindu vimekufa. Kipindi cha mlipuko, singekula saladi mbichi ambayo sijui imetoka wapi, iwe imebaki au haikubaki.

Giligilani, ambayo Kenya wanaiita dania na wengine kotmiri, ina tabia yake. Unahitaji vijiko viwili, unauziwa shada zima, linalobaki linakuwa jeusi ndani ya siku tatu. Inapikika, lakini harufu, ambayo ndiyo uliyoilipia, inapotea kwenye moto mrefu. Ya kwangu huishia kwenye chatne: majani pamoja na vikonyo vyake, maana vikonyo vina harufu nyingi, pilipili mbichi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, vyote visagwe au vitwangwe kwenye kinu kidogo. Inakaa siku kadhaa kwenye chupa iliyofungwa ndani ya friji, na ikigandishwa kwenye trei ya barafu inakaa wiki nyingi. Kipande kimoja kinatosha sufuria ya maharage. Faida ya kugandisha inaonekana zaidi masika, kati ya Machi na Mei, bustani zinapojaa maji. Muuzaji hapandishi bei mara moja. Shada linabaki bei ile ile huku likikonda hadi unalishika kwa vidole viwili. Aliyegandisha Februari hahisi.

Njia ambazo singezifuata ni za aina tatu. Juisi ya kijani ni ya kwanza: saladi haina ladha ya kutosha kwenye glasi, kwa hiyo unainunulia tufaha, tangawizi, ndimu na asali, na ukimaliza umekunywa juisi ya tufaha ya shilingi elfu tatu yenye rangi ya saladi. Ya pili ni bajia na katlesi za kukaangwa kwenye mafuta mengi. Kama leo unakaanga vitumbua au samaki na mafuta yapo kwenye karai, sawa. Kuyafungulia mafuta mapya kwa ajili ya majani ni kuyazika majani kwa sanda ya bei. Ya tatu ni kukausha juani. Mchicha, kunde na matembele yanakaushika, watu wamefanya hivyo miaka mingi huko bara. Saladi ikikauka inabaki karatasi isiyo na ladha.

Swali la friji huulizwa sana, nami nalijibu kwa yuniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tuseme friji ndogo ya nyumbani inakula yuniti moja kwa siku, thelathini kwa mwezi. Kwa bei zilizopangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, mwaka 2016, mteja mdogo asiyevuka yuniti 75 kwa mwezi alilipa shilingi 100 kwa yuniti, na mteja wa kawaida 292, kabla ya kodi na tozo. Friji hiyo basi ni 3,000 kwa mwezi kwa wa kwanza na 8,760 kwa wa pili. Mteja mdogo aangalie sana, kwa sababu yuniti 30 ni asilimia 40 ya zile 75, na kila yuniti inayozidi 75 ilipangiwa shilingi 350. Kwa hiyo friji haiwezi kujilipa kwa kuokoa saladi peke yake. Kwa wiki nne majani uliyookoa hayazidi elfu mbili. Ikiwa tayari inafanya kazi kwa ajili ya nyama, samaki na maziwa, majani yanapanda bure. Ikiwa huna, genge ndilo friji lako: nunua ya leo leo, kwa idadi ya watu watakaokula.

Namna ya kuhifadhi inabadilisha hesabu kuliko mapishi yote niliyoyataja. Kinachoiozesha saladi kwenye friji ni maji yaliyobaki juu ya jani. Usiioshe kabla ya kuihifadhi. Kama umeshaiosha, ipanguse kwa kitambaa kikavu, kisha ikunje kwenye kitambaa kingine kikavu na uiweke kwenye droo ya chini. Kile utakachokihifadhi usikikate kwa kisu. Banjua majani ya nje kwa mkono kadiri unavyohitaji na moyo wake ubaki mzima. Iweke mbali na ndizi mbivu, maembe, parachichi na nyanya. Matunda hayo yanapoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huipa saladi madoa ya kahawia kwenye nyuti. Friji nyingi zina droo moja ya matunda na mboga, na ndani yake vyote vimelala pamoja. Hapo ndipo pesa inapovuja. Asiye na friji asimamishe shina kwenye maji kidogo, mahali pa kivuli, afunike majani kwa kitambaa kibichi. Itafika kesho mchana.

Yaliyolegea tu hayajafa. Yatumbukize kwenye maji baridi, yenye barafu ukiwa nayo, kwa dakika kumi na tano hadi thelathini, yanasimama tena kiasi cha kuliwa mabichi. Yaliyoteleza kwenye vidole na kunuka yaende kwenye mboji.

Majani ya nje yaliyochanika lakini hayajaoza, kuku wanayapenda. Wengine huyahesabu kama akiba ya chakula cha kuku. Mimi siyahesabu, kwa sababu gunia la pumba unalinunua vile vile. Kuku amepata kitu cha kudonoa, basi. Kuotesha saladi kwenye gunia ili uchume jani moja moja ni wazo zuri Arusha, Iringa au Limuru. Dar, saladi inatoa shina la maua mapema kwa joto na majani yanakuwa machungu, kwa hiyo kwa gunia la pwani panda mchicha, unachumwa ndani ya mwezi mmoja, na saladi uendelee kuinunua.

Kwa nyumba ndogo iliyobaki na hamu ya saladi mbichi kila wiki, njia ya bei nafuu niliyoiona ni kununua na jirani. Kichwa kimoja cha 1,500, mmoja anabanjua majani ya nje na wa pili anachukua moyo, wiki ijayo wanabadilishana. Kila mmoja ametoa 750 na jioni hiyo bakuli zote mbili ziko tupu. Ugomvi pekee unaoweza kutokea ni nani wa kwanza kuchukua moyo, kwa sababu moyo ni mtamu zaidi, ingawa majani ya nje ndiyo yenye vitamini.